Mkono Niliouachia Musienene

Kamanda Kadogo alimtaka binti yangu Audrey, na kati yake na binti yangu hapakuwa na ukuta wala bunduki. Palikuwa na ngoma ya duara tu. Aliyeiongoza ni mimi.

Nianzie hapo, nisizunguke.

Aliyenikosa wiki iliyopita katika gazeti hili ajue haya. Naitwa Mukendi, mtu wa Kasai, mkoa wa mbali na huku, dereva wa greda ya Serikali. Shule niliiacha darasa la nne na sijawahi kuililia. Nilitumwa Beni kutengeneza barabara, vita ikanikuta huko. Waasi wakachukua greda. Mshahara ukakauka. Kisha askari wakaanza kuuliza mtu wa Kasai anangoja nini Beni kama si mpelelezi. Nikamchukua mke wangu Thérèse na Audrey, mtoto wetu wa miaka kumi na saba, tukahamia Butembo. Butembo nako swali likawa lile lile. Tukapanda mpaka Musienene, na huko kilimani tukapokewa na Jamaa ya Shukrani, watu wa Mama Jokébed, ambao humwomba Mungu kwa kucheza katika duara.

Hapo ndipo nilipowaacha.

Juzi msomaji mmoja alinishika shati sokoni. "Papa Mukendi, weye uliaminia ile ngoma kweli?"

Nilimjibu hapana. Niliaminia maharage yao. Tulifika pale na njaa, wakatupa sahani tatu kabla ya kutuuliza majina. Na majina hawakuuliza hata baadaye.

Hiyo ilikuwa sheria yao. Aliyemo ndani ya duara haulizwi kabila wala jina la baba yake. Sheria nyingine zilikuwa nyepesi. Mnashikana mikono. Katikati haingii mtu. Na yupo mmoja anayelishika duara: anaita, wengine wanaitikia. Yeye peke yake ndiye mwenye kulifunga. Akiachia mkono, wote wanaachia, wanakaa chini, wanashukuru, imekwisha.

Mshika-duara lazima awe mgeni asiye na ukoo pale kilimani, asije akapendelea wa kwao. Ndiyo maana walinichagua mimi. Na sauti pia. Mtu aliyepiga kelele miaka yote juu ya injini ya greda hahitaji kipaza sauti.

"Papa Mukendi," Mzee Muyisa alizoea kuniambia, "weye unacheza sawa mutu anakanyaga nyoka. Lakini sauti, Mungu alikupatia."

Mzee huyo alikuwa na meno mawili na utani usioisha. Kila siku alisimama kushoto kwangu. Alisema anataka kuwa karibu nikianguka, acheke wa kwanza.

Basi ikafika siku ya soko.

Siku hiyo tulikuwa tumeipanga kwa jambo letu. Nilikuwa na rafiki wa kule Beni, Idi, mfanyabiashara Mwislamu mwenye lori. Alikuwa amepita kwenda Masereka kupakia viazi, na aliniahidi akirudi siku ya soko atawachukua Thérèse na Audrey, awafiche Beni kwa dada yake Aisha. Mimi ningebaki. Mwanamume wa Kasai hafichiki, lakini mama na binti yake wanaweza kukaa nyuma ya nyumba ya mfanyabiashara na wasiulizwe na mtu.

Vitu vyao vilikuwa vimefungwa tayari. Tulichongoja ni honi.

Badala ya honi wakaja watu wa maji.

Ndivyo tulivyowaita. Walikuwa wapiganaji wa msituni, wa kundi la Kadogo, ambao mganga wao huwanyunyizia maji ya dawa kabla ya vita ili risasi zisiwaingie. Dawa hiyo ina miiko, na milimani kila mtu anaijua. Aliyenyunyiziwa hamgusi mtu asiyenyunyiziwa mpaka vita iishe. Mwanamke ndiye mbaya zaidi: hata ukingo wa kitenge chake ukikupitia mguuni, maji yamekufa. Tena maji hayalali. Yakinyunyizwa asubuhi, vita ipiganwe siku hiyo hiyo, la sivyo mnarudi msituni kuanza upya.

Siku ile walikuwa wamenyunyiziwa. Nywele zao zilikuwa bado zimelowa. Walikuwa wanashuka kuipiga Butembo.

Kadogo walimwita hivyo tangu alipoingia vitani akiwa mtoto. Sasa alikuwa jitu la kuinama kwenye mlango. Alisimama mbele ya Mama Jokébed, majani shingoni, bunduki mgongoni, na akavua kofia. Nasema ukweli, alivua kofia.

"Mama, siyakuya na vita kwako. Nakuya na heshima. Ule mutoto ya dereva, nilimuona ku soko. Nitaenda naye. Kisha vita kuisha, nitanawa dawa, nitamuowa."

Mama Jokébed alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya chini. Hakusimama. Alikuwa akimenya viazi.

"Mahari ulituma na nani?"

Vijana wa Kadogo wakacheka. Mwenyewe hakucheka.

"Mahari iko Butembo. Leo njo tunaenda kuikamata."

"Donc ikamate, ukuye nayo. Tutazungumuza."

"Hapana, mama. Anakuya sasa hivi. Atatembea mbele yetu. Hakuna mutu atamugusa, niko na maji."

"Ni saa yetu ya kusali," akasema Mama Jokébed, akaweka kisu chini. "Utatukataza kusali?"

Kadogo akatazama jua. Akatazama watu wake. "Musali. Nitangoya."

Mama akanijia, akanikamata kiwiko kama anayenipeleka shambani.

"Mugeni, sikia. Simamisha duara, na usiifunge. Habawezi kuipasua bila kugusa mutu, na bakipiga risasi batapata mutoto mwenyewe. Na maji yabo haitalala. Tukicheza mpaka baende, mutoto amepona."

Nilielewa mara moja. Ndiyo siku ya kwanza nilipoiheshimu ngoma ile.

"Na Audrey umuweke mbali na weye," akaongeza. "Mushika-duara hakamatake damu yake. Akili yake inapotea."

"Nitamushika mie mwenyewe," nikasema.

"Mukendi."

"Mama, ni wangu. Nitamushika mie."

Alinitazama, akaniachia kiwiko. Watu wakaanza kuingia. Audrey akawa kuume kwangu, mama yake akamshika mkono wa pili. Kushoto kwangu Mzee Muyisa, na kushoto kwa mzee Mama Jokébed mwenyewe. Kilima kizima kikaingia, wazee, wajane, wanawake wenye watoto mgongoni. Hakuna aliyebaki jikoni.

Nikaita. "Nani ametushika?"

"Nyamuhanga!" wakajibu. Hilo ndilo jina la Mungu kwa Kinande.

"Nani atatuachia?"

"Hakuna!"

Tukaanza kuzunguka.

Mwanzoni kulikuwa hata na kichekesho. Duara letu lilikuwa pana na uwanja mdogo, na lilipopinda upande wa wapiganaji, vitenge vya bibi zetu viliwapepea karibu. Watu wenye bunduki wakawa wanaruka nyuma kama waliotupiwa maji ya moto. Mganga wao, mzee mwembamba mwenye bidoni ya njano ya maji ya dawa mkononi, alikuwa akiwapigia kelele.

"Weye! Sogea! Ile bibi atakugusa! Ee, muko vipofu?"

Bibi mmoja akaona mchezo. Kila akipita pale alitikisa kiuno.

"Mama Jokébed, ambia bale bamama baheshimu vita!" akalia mganga.

"Baache kusali?" akauliza Mama, bila kusimama.

Kijana mmoja wa Kadogo alianza kuitikia wimbo. Alikuwa na sauti nzuri. Kadogo alimpiga kofi. "Weye uko upande ya nani?"

Mvua ikaja. Mvua ya Musienene haina huruma, ni baridi kama maji ya kisimani. Majani yakageuka matope. Tukaendelea. Nilijua kitu kimoja tu: jua linakwenda, na Butembo haiko karibu. Wakikawia sana hawatafika mchana. Kila mzunguko ulikuwa wetu.

"Papa," Audrey akaniambia, "mukono inaniuma."

"Vumilia."

"Papa, nisikie. Bale bazee batakufa. Mi nikienda naye, mutaacha kucheza."

"Funga kinywa, ucheze."

"Mi si mutoto, papa."

Thérèse akaingilia kutoka upande wa pili. Mke wangu hakuwahi kunong'ona maishani mwake. "Sikuzaa mutoto nimupatie mutu mwenye hata viatu hana! Cheza!"

Kadogo alisikia. Akatazama miguu yake. Nadhani hilo lilimuuma kuliko yote ya siku ile.

Akafyatua risasi hewani. Watoto mgongoni wakaanza kulia. Duara likatetemeka, nikaona mikono inalegea upande wa mbali, nikaita kwa nguvu zangu zote, "Nani ametushika?" Wakajibu. Sauti zilikuwa zimekwisha lakini walijibu. Mikono ikakaza.

"Tika makelele!" akaropoka mpiganaji mmoja kwa Kilingala cha jeshini. Tusipige kelele. Sisi tukaongeza.

Ndipo Mzee Muyisa akaniambia, pumzi zikimkatika, "Dereva... hii gari yako haina frein ya kuisimamisha?"

"Tukifika nitasimama, mzee."

"Ee. Minaona unaendesha ya Serikali."

Nikacheka. Naapa, nilicheka. Nikageuka nimwambie kitu, nikaona uso wake una rangi ya majivu, na mkono wake ndani ya wangu ukawa kama mkono wa shati, hauna mtu ndani.

Akaanguka kwa nje, upande wa wapiganaji. Mama Jokébed alimvuka pale pale, mguu wake mmoja huku na mwingine kule, akanishika mkono wa kushoto kabla wa mzee haujatoka wote. Duara halikupasuka. Lilipita juu yake likaenda.

Mzee akabaki kwenye matope. Bado alikuwa hai. Mdomo ulikuwa unakwenda.

"Msaidieni!" nikawapigia kelele wapiganaji. "Muinueni tu kichwa!"

Yule kijana mwenye sauti nzuri akapiga hatua. Akainama. Mganga akapaza sauti, "Usimuguse! Utatuua sisi bote!" Kijana akabaki ameinama, mikono yake imekaribia uso wa mzee, haifiki.

Sisi hatukuweza kuachia. Wao hawakuweza kugusa. Kila tulipozunguka nilimwona tena, na mara moja nilimwona bado ananitazama, na mara iliyofuata alikuwa anatazama mvua.

Hakuna aliyelia. Ukilia unapoteza pumzi.

"Endesha, mugeni," Mama Jokébed akaniambia. Machozi yake yalichanganyika na mvua, sauti yake haikubadilika. "Endesha."

Nikaendesha.

Mvua ilipokatika jua lilikuwa limeinama. Mganga akamwendea Kadogo, akaanza kumgombeza mbele ya watu wake.

"Komanda, maji inakauka! Unaona jua? Tutafika Butembo na dawa ya jana? Batatumaliza sawa kuku. Juu ya mwanamuke moja!"

"Dakika kidogo."

"Dakika gani? Banamuke beko mingi Butembo!"

Wapiganaji wakaanza kunung'unika. Hawa walikuwa watu wanaokwenda kusimama mbele ya risasi wakitegemea maji. Dawa ikifa, nao wamekufa. Kadogo aliliona hilo. Akatema mate. Akavaa kofia yake.

"Panga mustari," akasema. "Tunaenda."

Thérèse alikuwa ameanza kusema "asante" kimya kimya, midomo tu. Wapiganaji wa kwanza walishaanza kuteremka kwenda barabarani. Nikamwomba Mungu ambaye sikuwa nikimwamini sana: mizunguko michache tu, wafike chini, wapinde kona.

Honi ikalia.

Lori la Idi lilikuwa linapanda kutoka upande wa Masereka, limejaa magunia ya viazi. Likasimama chini ya kilima, katikati ya wapiganaji. Idi hakushtuka sana. Alipita kwao kila safari, aliwaletea chumvi. Mfanyabiashara wa barabara ile alijua kucheka na kila mwenye bunduki.

Nilimwona anashuka, kofia yake nyeupe kichwani, mabuti ya mpira miguuni. Nilimwona Kadogo anazungumza naye. Sikusikia kitu. Idi alicheka kile kicheko chake cha uoga, akaitikia kwa kichwa. Kadogo akanyoosha mkono kunielekea mimi.

Idi akapanda kilima.

Alikuja moja kwa moja kwangu, akawa anatembea sambamba na duara, akichechemea kwenye matope, uso umejaa furaha ya mtu aliyefika salama.

"Mukendi! Ndugu yangu! Salama?"

Na akaninyooshea mkono.

Msomaji wa huku atanielewa. Wa mbali, sijui. Kwetu mtu akikunyooshea mkono, wako unatoka wenyewe. Hata mgomvi wako unampa mkono kwanza, ndipo mgombane. Mkono wako ukiwa na matope, unampa kiwiko. Ukimwacha mtu na mkono hewani, umemwambia hayupo. Mama yangu alinifundisha hilo kabla sijajua kufunga suruali. Na mkono wa salamu ni wa kuume. Hakuna anayempa rafiki mkono wa kushoto, tena rafiki Mwislamu.

Mkono wangu wa kuume ulikuwa umemshika Audrey.

Sikufikiri. Siwezi kusema nilifikiri nikakosea. Niliona mkono wa rafiki yangu, nikatoa wangu.

"Salama, Idi," nikasema. Nilimjibu kabisa. "Salama."

Watu wote wakaachia.

Ndivyo sheria ilivyokuwa. Mshika-duara ameachia, basi limefungwa. Waliona wapiganaji wanateremka, waliona mkono wangu umeachia, wakadhani nimeona hatari imepita. Wakaanguka chini pale pale kwenye matope, wanacheka, wanalia. "Wasingya, Nyamuhanga! Wasingya!" Wanashukuru.

Thérèse peke yake hakuachia. Alikuwa bado amemshika Audrey mkono wa pili, ananitazama, na macho yake sitayaeleza gazetini.

Kadogo alipanda kilima bila haraka, mganga na vijana wawili nyuma yake. Akapita kati ya watu waliokaa, akichagua pa kukanyaga asimguse yeyote, akasimama katikati ya uwanja, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kusimama. Akaelekeza bunduki kwenye kichwa cha Thérèse.

"Mama, achia."

"Nipige."

"Mama. Achia."

"Nipige, nimekuambia! Unaogopa kunigusa, utaogopa na kunipiga?"

Nilipiga hatua nimrukie. Mganga alikuwa nyuma yangu na vijana wawili, mitutu mgongoni kwangu. Hawakunigusa kwa mkono. Chuma si mkono.

Audrey ndiye aliyemaliza. Alivifungua vidole vya mama yake, kimoja kimoja, taratibu, kama anayemvua pete.

"Mama, acha. Batakuua mbele yangu. Acha."

Kisha akatembea. Mbele yao, peke yake, kichwa kimenyooka. Kadogo alikuwa amesema kweli: hakuna aliyemgusa. Alipita karibu yangu. Nilitegemea atanitukana.

"Papa, koti langu liko ku kitanda," akasema. "Mama avae. Kuko baridi."

Idi alikuwa bado amesimama, mkono wake bado umenyooshwa nusu.

"Mukendi, ni nini? Nimefanya nini? Kamanda aliniambia, 'rafiki yako ule pale, enda umusalimie.' Paka vile tu. Nimefanya nini?"

Kadogo akamgeukia akiwa anashuka. "Aksanti, Idi."

Mpaka leo sijui asante ile ilikuwa ya kitu gani. Ilikuwa ya mtu aliyepatana na mwenzake, au ya mtu anayetia sumu kati ya marafiki wawili kwa kujifurahisha? Idi alikuwa mweupe kama kofia yake. Mtu anaweza kuwa mweupe kwa uoga, na anaweza kuwa mweupe kwa aibu. Rangi ni ile ile.

Hakupata nafasi ya kujieleza. Walihitaji lori, wawahi jua. Wakaanza kutupa viazi barabarani, gunia juu ya gunia. Idi wakamrudisha kwenye usukani. Na Audrey wakamweka mbele, ndani, karibu na Idi, kwa sababu huko ndiko mahali pekee ambapo hakuna mpiganaji angemgusa kwa bahati mbaya. Wenyewe wakapanda nyuma, wamesimama wamebanana, wanaimba.

Lori nililolingojea limchukue binti yangu lilimchukua.

Mama Jokébed alikuja akasimama mbele yangu. Matope yalikuwa yamempanda mpaka magotini.

"Mugeni, ulifunga juu ya nini?"

"Idi alinisalimu."

"Alikusalimu."

"Ndiyo, mama."

Watu waliokuwa wakishukuru walishaanza kuelewa, na kicheko chao kilikufa kutoka mmoja hadi mwingine. Mama akamwangalia Mzee Muyisa aliyelala na maji ya mvua machoni.

"Ule alikufa mukononi mwako," akasema. "Ni weye utamuzika. Kisha utashuka hiki kilima, hautapanda tena."

"Mama, binti yangu—"

"Najua. Na ule ni kaka yangu."

Sikuwa nimejua. Miezi yote ile sikuwa nimejua, kwa sababu pale jina la baba haliulizwi.

Nikamtafuta Thérèse. Alikuwa ameshaingia ndani na kutoka. Alikuwa amevaa koti la Audrey, limembana mabegani. Viatu hakuvaa. Alipita mbele yangu kuelekea barabarani.

"Thérèse, ngoya. Tuende wote."

Hakugeuka.

"Thérèse!"

"Baki na salamu yako," akasema.

Akashuka.

Wasomaji, mnihukumu mnavyotaka. Sikumzika mzee. Nilimfumba macho, nikamwambia anisamehe, nikateremka mbio, na nyuma yangu nilisikia mtu wa Jamaa ya Shukrani ananilaani kwa Kinande. Kinande sikijui vizuri, lakini hilo nililielewa.

Barabarani watu walikuwa wanapanda kutoka upande wa Butembo, magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba. Milio ya bunduki ilishaanza huko chini. Nikamsimamisha mama mmoja.

"Umeona mwanamke hana viatu, koti la kijani?"

"Ule? Tulimuambia arudie. Alitutukana sisi na bababa zetu."

"Njo yeye," nikasema, na nikakimbia tena.

Nilipopinda kona ya pili niliona lori.

Lilikuwa limesimama katikati ya barabara, injini inaunguruma, milango yote miwili ya mbele wazi. Nyuma hakuna mtu. Ndani hakuna mtu. Damu hakuna. Upande mmoja wa barabara kulikuwa na msitu wa mikaratusi, upande wa pili shamba la maharage lililolala chini kana kwamba watu wengi wamelipita. Risasi zilikuwa zinatoka pande zote mbili. Niliita jina la Audrey. Niliita la Thérèse. Mwisho nikaita hata la Idi.

Hakuna aliyejibu.

Nikazima injini, kwa sababu ni kazi niliyoizoea, na nikakaa kwenye usukani. Asubuhi ile nilikuwa na watu. Sasa nikahesabu. Mzee mmoja, aliyeanguka akinishika mkono akafa, na sikumzika. Kilima kimoja kilichonipa chakula bila kuniuliza jina, sirudi tena. Rafiki mmoja, sijui kama ni rafiki. Mke wangu, mbele yangu mahali fulani, bila viatu.

Na mtoto mmoja. Hatukuwa na mwingine.